Si kila aliye gerezani amehukumiwa

Waumini wengi huamini kwamba kila aliye gerezani amekutwa na hatia, hivyo kumwombea ni kumwombea toba tu. Hali halisi ni pana zaidi. Nyuma ya kuta zilezile wamo mahabusu, watu ambao kesi zao hazijaamuliwa: wengine wanasubiri upelelezi ukamilike, wengine wamepewa dhamana ila wamekosa wadhamini. Kwa sheria za nchi nyingi, hao bado huhesabiwa hawana hatia. Wapo pia waliofungwa, kisha wakaachiwa huru kwa rufaa.

Unaweza kujionea mwenyewe. Kaa asubuhi moja katika mahakama ya wazi kesi zikitajwa; utamsikia hakimu akiahirisha, na mshtakiwa akirudishwa rumande bila hukumu yoyote. Au fungua Mwanzo 39: Yusufu alitiwa gerezani kwa kusingiziwa. Waebrania 13:3 nayo inaagiza wafungwa wakumbukwe, bila kubagua mwenye kosa na asiye nalo.

Wanaoniuma zaidi ni ndugu zao. Mama anayepanga foleni getini na mfuko wa nguo safi hajashtakiwa kwa lolote, lakini kanisani hukwepwa. Mwombeeni kwa jina, mkimuuliza kwanza kama angependa litajwe.