Maji ya Mzima si theluji ya Kilimanjaro

Hapa Mombasa, kila mfereji ukikauka na mikokoteni ya mitungi ikianza kupita, utasikia mtu akisema: "Theluji ya Kilimanjaro imekwisha, na Mzima, chemchemi inayotuletea maji, nayo itakwisha." Hofu yenyewe naielewa, ila imeelekezwa mahali pasipo pake.

Mzima, iliyoko Tsavo Magharibi, hulishwa hasa na mvua na ukungu wa vilima vya Chyulu. Maji huzama katika mawe ya volkano yenye vitundu, yakachujwa humo chini kwa muda mrefu, kisha yakabubujika mbali na vilima. Chyulu haina barafu hata kidogo.

Hata Kilimanjaro kwenyewe, barafu huchangia kidogo sana. Andreas Hemp, mwanaikolojia Mjerumani aliyeutafiti mlima huo kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba mvua nyingi hunyesha msituni, karibu mita 2,200, wala si kileleni. Mwaka 2005 aliandika kuwa moto unaoteketeza misitu ya juu, ile inayonasa ukungu, umeathiri maji kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Kwa hiyo, jamani, tukisikia Chyulu inawaka au inakatwa miti kwa makaa, hiyo ndiyo habari ya mifereji yetu.