Kichwa cha kofia unacho

Jumamosi kaingia tena mmoja. Kaigusa pama ya ukili, kaizungusha, kairudisha msumarini. "Fundi, nzuri kweli, ila mimi sina kichwa cha kofia." Nina kibanda kidogo hapa Kampala, na maneno hayo nimeyasikia mpaka yananiwasha.

Kichwa unacho, dada yangu. Ulichokosa ni futi. Ipitishe juu ya masikio na katikati ya paji, usome sentimita. Kofia ikibana itakuchora mstari. Ikipwaya utaishika kila ukipanda boda. Felti naipanua kwa mvuke wa birika. Ya ukili ikikataa, imekataa.

Hayo ni madogo. Kinachoniudhi ni kuikalisha sawasawa kama mfuniko wa sufuria, halafu mtu anajitazama kwenye kioo cha simu, uso peke yake! Kofia huonekana pamoja na mabega, gauni la gomesi, hata viatu. Rudi nyuma hatua tatu ndipo uamue.

Yule mama nilimshushia ukingo mbele, nikaulaza kuelekea sikio la kulia, upana wa kidole tu. Kivuli kikamkata jicho moja. Akanyamaza. Kidevu kikapanda, na lazima kipande, maana ukingo ukishuka bila kuinua kidevu huoni njia. Kidevu kikipanda, mgongo nao hunyooka. Sauti ikabadilika palepale: "Wewe kijana, punguza bei." Mimi nina mvi.

Kuna ile kanuni kwamba uso wa mviringo usivae kofia ya mviringo. Nimewafundisha nayo vijana wangu. Kisha kila Idi wanapita wazee wenye mashavu kama maandazi, kanzu nyeupe na kofia za vito, wamependeza mpaka naona haya. Siku hizi kanuni hiyo naisema kwa sauti ya chini.

Na asiniambie mtu kuwa kofia ni pambo tu. Chora pama pana bila uso chini yake, uone kama kuna Mganda atakayeuliza ni ya nani; wote watasema ya Rais Museveni. Mwaka 2019 bereti nyekundu, alama ya wafuasi wa Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, ilitangazwa kuwa vazi la jeshi, na raia kuivaa likawa kosa. Pambo gani hilo?

Mama nilimpunguzia. Mfuko niliomtolea kaucha juu ya meza. Katoka na pama yake kichwani, imelala vilevile upande wa kulia.