Cheti cha mganga si cheti cha dawa

Malalamiko tunayoyapokea kuhusu mitishamba ya "kuondoa msongo" yanafanana mno. Mtu amenunua unga stendi au kwa kupigiwa simu, amelala usingizi mzito siku mbili tatu, kisha moyo unamwenda mbio. Anatuletea pakiti isiyo na jina la mtengenezaji, anasema: "Lakini mganga mwenyewe ana cheti, nilikiona ukutani."

Niseme mapema tusije tukagombana bure: hakuna anayekataza mchaichai. Mchaichai, mrehani, maziwa ya moto yaliyokuniwa kungumanga kidogo, hivyo ni vya jikoni na bibi zetu walivijua kwa kipimo. Kungumanga kidogo juu ya maziwa haina neno. Vijiko viwili vitatu vya unga wake ni sumu. Utatapika, kinywa kitakauka, moyo utadunda, na unaweza kuona vitu visivyokuwepo, hali ambayo huchukua saa nyingi kuisha. Majani ya mlonge nayo ni mboga, lakini mizizi yake mjamzito asiiguse. Na anayemeza dawa za kisukari au presha, akiongeza unga wa mlonge kila asubuhi, anaweza kushusha sukari au presha kupita kiasi. Amwambie daktari wake. Daktari akinuna, amwambie hivyohivyo.

"Ni ya asili, haina kemikali." Kauli hii, kwa kweli, imetuchosha. Mbegu za mbarika ni za asili. Mhogo mchungu usiolowekwa ni wa asili, na umelemaza watu miguu.

Hata hivyo mmea wenyewe mara nyingi si tatizo. Tatizo ni kilichomo bila kutajwa. Udanganyifu unaojulikana duniani kote ni kusaga vidonge vya hospitali na kuvichanganya kwenye mitishamba: za maumivu, za nguvu za kiume, za usingizi, hata steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe. Unga wa majani unaokulaza fofofo ndani ya dakika ishirini utilie shaka. Mwarobaini ulipewa jina kwa kuaminiwa kutibu maradhi arobaini. Pakiti za siku hizi zinadai kutibu zaidi ya hapo, na bado zina punguzo la bei.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo wengi wanachanganya. Tanzania Bara tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Baraza husajili mganga, husajili kituo anachotolea huduma, na husajili dawa. Hayo ni mambo matatu, na moja halibebi jingine. Mganga huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa wake unaomtambua, hupitia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ndipo maombi yafike kwenye Baraza. Dawa hupelekwa sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ichunguzwe usalama wake kabla ya kusajiliwa. Tangazo la redioni au mtandaoni nalo linahitaji kibali, hata kama mganga na dawa vimeshasajiliwa. Anayekiuka anaweza kufutiwa usajili au kufikishwa mahakamani, ambako kuna faini na kifungo. Mzigo wake hukamatwa, huorodheshwa na kutunzwa kama kielelezo, yaani ushahidi wa mahakamani. Ndugu wanaokuja ofisini kuomba "angalau nusu turudishiwe" waelewe kwamba kielelezo hakigawanywi.

Kwa hiyo ukifika dukani, usiulize "wewe umesajiliwa?" Uliza namba ya usajili ya dawa hiyo uliyoishika, jina la mtengenezaji, mmea uliotumika, tarehe ya mwisho ya matumizi. Muuzaji halali hakasiriki. Na kama msongo umekukosesha usingizi kwa wiki kadhaa, au unawaza kujidhuru, nenda kituo cha afya leo. Usisubiri chupa ya pili iishe.

Ukipata madhara, acha dawa hiyo, wahi matibabu, na pakiti nenda nayo. Usiitupe, usiihamishie kwenye kopo la kahawa, usiichanganye na iliyobaki ya jirani. Wapo waliotuletea unga kwenye mfuko wa karanga, bila lebo wala risiti, wakitaka muuzaji akamatwe jioni ileile.