Je, wajua chatu humezaje mbuzi bila kutengua taya?

Ukiuliza kijiweni Dodoma, iwe Majengo sokoni au Kibaigwa kwenye soko la mahindi, chatu anawezaje kumeza mbuzi mzima, jibu ni moja: anatengua taya. Wengi tumekua na jibu hilo, lakini si sahihi. Hakuna kiungo kinachochomoka. Siri iko kwenye mifupa iliyoachwa huru tangu mwanzo na misuli inayoiendesha.

Weka kidole mbele ya sikio, kisha fungua mdomo. Hapo ndipo taya lako la chini limeshikana moja kwa moja na fuvu. Kwa nyoka, kati ya taya la chini na fuvu kuna mfupa mrefu uitwao kwadrati, unaoning'inia kwenye fuvu na kuweza kuyumba mbele, nyuma na pembeni. Kidevuni nako, nusu mbili za taya la chini hazikuungana kwa mfupa kama zetu. Zimeshikwa na kano na ngozi vinavyovutika. Nusu ya kulia inaweza kusogea huku ya kushoto imetulia.

Msuli wa kufungua kinywa uko nyuma ya kichwa, na ile ya kufunga imepangana pembeni mwa fuvu. Lakini kazi hasa ya kumeza inafanyika kwenye kaakaa, na hapa ndipo pa kustaajabia. Kila upande wa kaakaa una mfupa wenye meno uitwao terigoidi, wenye misuli yake yenyewe: mmoja wa kuusukuma mbele, mwingine wa kuurudisha nyuma, mwingine wa kuuinua. Upande wa kulia unainuka, meno yanaachia, unasogea mbele kidogo, unashuka na kung'ata tena. Kisha zamu ya kushoto. Kwa kuwa meno yamepinda kuelekea kooni, kilichoingia hakitoki. Kwa hiyo chatu hamvuti mbuzi ndani. Kichwa chake ndicho kinachotembea juu ya mbuzi, kama unavyovisha mto foronya inayobana, ukivuta pembe hii, kisha ile.

Je, hakabwi? Chini ya kinywa, tundu la bomba la hewa linaweza kusukumwa mbele hadi karibu na midomo, likachungulia chini ya windo, naye akaendelea kupumua. Akimaliza utamwona anapiga miayo mipana: anarudisha mifupa mahali pake.

Misuli hiyohiyo ya kusukuma kaakaa ndiyo inayomfanya moma, ambaye wengine humwita kifutu, awe wa kuogopwa na wanaokusanya mabua ya mtama. Chonge zake ni ndefu, na kinywa kikiwa kimefumbwa hulala zimekunjwa. Anapouma, terigoidi inasukumwa mbele, nayo inasukuma mfupa mdogo unaobeba chonge, zinasimama. Msuli mwingine unaminya tezi ya sumu nyuma ya jicho. Swila hana ukunjaji huo. Chonge zake ni fupi na zimesimama daima. Na tafadhali, usiokote kwa mkono kichwa cha nyoka kilichokatwa: neva na misuli hubaki hai kwa muda, na kinaweza kuuma na kutia sumu.

Yuko pia mmoja aliyekwenda njia nyingine kabisa: nyoka mla mayai. Meno yake ni machache na madogo mno. Analimeza yai la ndege zima, likifika shingoni anakaza misuli, na ncha za mifupa ya uti wa mgongo zilizochomoza hadi ndani ya umio zinalipasua. Ute na kiini vinashuka tumboni, ganda lililosagika linatemwa. Hana sumu hata kidogo. Anauawa kwa sababu akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake hadi yatoe sauti ya kufoka, na watu wakamdhania moma.