Mtoto Aliyelegea Si Mvivu: Maswali na Majibu

Maswali haya wazazi wa Kigoma huyaleta kliniki, mara nyingi wakiwa wameshachelewa.

Mwanangu ana miezi mitano, shingo haijakaza. Bibi yake anasema ni mvivu, atakaza tu. Nisubiri?

Usisubiri. Hakuna mtoto mchanga mvivu. Kama miguu haichezi, kilio ni chembamba na anachoka akinyonya, mpeleke kituo cha afya leo, si baada ya mavuno.

Ni ugonjwa gani?

Daktari ndiye atakayepima. Mmojawapo ni SMA, wa kurithi: neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli hufa kwa kukosa protini iitwayo SMN. Akili haiguswi, macho yanakufuata na anakuchekea, ndiyo maana nyumbani mnajipa moyo.

Protini hiyo inakosekanaje?

Jeni, yaani maelekezo ya kurithi ya kutengeneza protini, hunakiliwa kwanza kuwa RNA ghafi, nakala ndefu, yenye vipande visivyotakiwa. Seli huvikata na kuunga vinavyobaki, kama fundi cherehani na kitambaa chake. Protini za udhibiti ndizo zinazoamua: SRSF1 husaidia kipande kibaki, hnRNP A1 hufanya kirukwe.

Kwa mtoto mwenye SMA, jeni ya SMN1 imepotea au imeharibika. Anayo pacha yake, SMN2, ila herufi moja katika kipande cha saba ni tofauti. SRSF1 haishiki vizuri pale, hnRNP A1 inapata nafasi, na mara nyingi kipande cha saba kinaachwa. Protini inayotoka ni pungufu, haidumu. Jicho la mtu halimo humo.

Tumemchanja chale, sasa anakunywa dawa ya mizizi. Tumalize kwanza?

Acheni. Mtoto huyu hana nguvu ya kumeza wala kukohoa. Mkimnywesha kwa lazima, dawa inaingia mapafuni, na nimonia ndiyo inayowaua watoto hawa. Tumbo likipanda huku kifua kikibonyea, au midomo ikigeuka rangi, ondokeni usiku huohuo. Msisubiri kukuche, msisubiri baba arudi kutoka ziwani. Msisubiri.

Kosa ni la ukoo wa mama?

Kwa kawaida wazazi wote wawili wanabeba jeni hiyo bila kuumwa, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye SMA. Enyi akina baba mnaowarudisha wake kwao, mmesikia?

Dawa ipo?

Nusinersen iliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Huchomwa kwenye uti wa mgongo, hufunika mahali kwenye RNA ambapo protini za kundi la hnRNP hukaa, kipande cha saba kikabaki. Ni ghali mno, na neva iliyokufa haifufuki. Hata bila dawa hiyo, mtoto akiwahishwa, mama hufundishwa namna ya kumlisha na kumlaza, na nimonia hutibiwa mapema. Ukiandikiwa rufaa ya hospitali ya Maweni, nenda moja kwa moja; usipitie kwa mganga.