Melbourne haikununuliwa kwa mablanketi

Inasimuliwa mara nyingi kwamba Melbourne, mji wa Australia, iliasisiwa na John Batman, aliyenunua ardhi kutoka kwa wenyeji kwa makubaliano ya haki. Haikuwa hivyo, na simulizi hii imewanyima haki wenye nchi kwa vizazi.

Juni 1835 Batman, mfugaji kutoka kisiwa kinachoitwa leo Tasmania, aliwapelekea wazee wa Wawurundjeri, wenyeji wa eneo hilo, hati ya kisheria ya Kiingereza, lugha wasiyoijua. Akadai wamemwachia ekari zipatazo 600,000 kwa mablanketi, visu, mashoka, vioo na unga. Kwao ardhi haikuwa bidhaa. Wanahistoria wengi wanaona kwamba wazee wale walidhani wanatimiza mila yao ya kumpa mgeni ruhusa ya kupita na kukaa kwa muda.

Wapo wanaodhani Richard Bourke, gavana wa koloni la New South Wales, aliubatilisha mkataba huo, Agosti 26, 1835, ili kuwalinda wenyeji. La hasha! Tangazo lake lilisema ardhi yote ni ya Taji la Uingereza, kwa hiyo wenyeji hawakuwa na cha kuuza wala cha kudai. Siku chache baadaye jahazi Enterprize, lililotumwa na John Pascoe Fawkner, likashusha walowezi kando ya Mto Yarra. Fawkner naye alikuja kudai kuwa yeye ndiye mwasisi.

Wengine huamini mji huu, kama Sydney, ulianzishwa kuwa koloni la wafungwa. Hapana, walioanza ni wafugaji na wafanyabiashara waliokuja bila idhini ya serikali.

Jaji Redmond Barry naye hukumbukwa kwa jambo moja tu: kumhukumu kifo jambazi Ned Kelly mwaka 1880. Ni kweli alimhukumu, na siku 12 baada ya Kelly kunyongwa, Barry mwenyewe akafariki. Lakini ndiye mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Melbourne, na ndiye aliyesimamia maktaba ya umma iliyofunguliwa mwaka 1856, ambamo fundi na kibarua waliingia bure alimradi wametimiza miaka 14 na mikono yao ni safi. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa mno.

Dhana inayoumiza zaidi ni kwamba wenyeji walitoweka. William Barak, ambaye alisema alikuwepo utotoni Batman alipokutana na wazee, aliishi hadi 1903. Akiwa kiongozi wa makazi ya wenyeji ya Coranderrk, yeye na wenzake walikwenda kwa miguu hadi mjini kuwadai wakubwa wa serikali waachiwe shamba lao. Baadaye William Cooper, wa kabila la wenyeji la Yorta Yorta, aliyeongoza jumuiya ya kutetea wenyeji, Australian Aborigines' League, alipigania uwakilishi wa watu wake bungeni. Na Desemba 1938 jumuiya yake ilipeleka kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini humo barua ya kupinga mateso ya Wayahudi. Ubalozi ulikataa kuipokea.

Mwaka 2018 jimbo la uchaguzi la Melbourne lililokuwa likiitwa Batman lilipewa jina la Cooper.