Misuli ya mtu wa miaka 90 bado inaitika

"Bibi amechoka, mwacheni akae." Tunasema hivi kwa upendo, kisha tunamnyang'anya ndoo, ufagio na hata safari ya kwenda dukani. Miguu inazidi kulegea, nasi tunasema ni uzee.

Uzee unapunguza misuli, hilo ni kweli. Si kweli kwamba hairudi. Mwaka 1990 Dkt. Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti wao wa Boston, Marekani, kuhusu watu 10 dhaifu wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Zoezi lilikuwa moja: kuketi na kunyoosha goti huku mguu ukiinua uzito, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Uzito wenyewe haukuwa wa kubembeleza. Ulifikia asilimia 80 ya ule ambao mtu angeweza kuuinua mara moja tu. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha mikongojo. Walipokaa wiki 4 bila mazoezi, karibu theluthi ya nguvu ikapotea.

"Mpe vitamini na uji wa lishe." Mpe, lakini havitoshi. Mwaka 1994 timu hiyohiyo ilitoa matokeo ya wazee 100: kinywaji cha virutubisho peke yake hakikupunguza udhaifu, mazoezi yalipunguza. Dagaa, maharage na mayai vinajenga misuli iliyopewa kazi.

"Anatembea kila asubuhi, inatosha." Kutembea kunasaidia moyo, ila mapaja yanahitaji mzigo. Egemeza kiti imara ukutani. Mzee aketi, nyayo chini, ainuke bila kujisukuma kwa mikono, kisha ashuke polepole bila kujitupa. Akishindwa, ashike meza kwanza. Arudie hivyo, na mara mbili tatu za mwisho ziwe ngumu. Zikiwa rahisi zote, aongeze. Awepo mtu karibu.

"Ana kisukari, asijichoshe." Hapa ndipo naumia zaidi, kwa sababu misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, na ikifanya kazi huichukua vizuri zaidi. Mwenye maumivu ya kifua au presha isiyotulia aonane na daktari kwanza. Akitumia insulini, apime sukari kabla ya kuanza na awe na kitu kitamu mkononi endapo sukari itashuka mno.